Mali Bila Daftari: Mhasibu Anapoingia Katika Siasa

Wahenga walisema: mali bila daftari hupotea bila habari. Methali hii twaifundisha karibu kila mwaka, na aghalabu mwanafunzi huieleza kwa maneno mepesi, kwamba mfanyabiashara asiyeandika atafilisika. Maelezo hayo si ya uongo, lakini ni mafupi kuliko methali yenyewe. Neno zito humo si "mali", wala si "daftari". Ni "habari". Mhenga hasemi kwamba mali isiyoandikwa huibiwa. Asema hupotea, tena hupotea pasiwe na mtu awezaye kueleza imepotea vipi. Msiba anaoulilia ni msiba wa kukosa jibu.

Katika makala haya nataka kuitumia methali hiyo kulichunguza swali moja la maadili. Mtu aliyezoea kutunza daftari za watu na kuzikagua, au aliyeanzisha kampuni yake akaikuza kwa daftari, anapoingia katika siasa, huingia na nini mkononi? Je, ujuzi wake wa hesabu ni dhamana ya uaminifu wake? Na sisi raia tuna haki ya kumdai nini ambacho hatumdai mwanasiasa mwingine? Kwetu sisi tunaoishi Kampala swali hili si la mchezo. Kila mwaka taarifa za ukaguzi wa fedha za umma hupelekwa Bungeni, magazeti hutaja mabilioni, watu hutikisa vichwa katika teksi, na kesho yake shimo la barabarani liko pale pale.

Nianze na aibu yangu mwenyewe. Miaka mingi iliyopita nilikuwa nikifundisha katika shule moja ya hapa mjini, na sisi walimu tulikuwa na chama kidogo cha akiba. Kila mwisho wa mwezi kila mmoja alitoa alichoweza, na mwenye shida alikopeshwa. Siku ya kumchagua mweka hazina, mwenzetu mmoja alisimama akanitaja mimi. Sababu aliyoitoa iliwachekesha wote: "Huyu ni mwalimu wa Kiswahili. Hajui hesabu, kwa hiyo hawezi kutuibia." Nikachaguliwa kwa shangwe. Mwaka ulipokwisha tukakutana kugawana, na fedha zikapungua kwa shilingi 340,000. Sikuwa nimekula hata senti moja. Nilikuwa nimewakopesha wenzangu wawili kwa haraka, mmoja mwanawe akiwa hospitalini, mwingine akiwa amefiwa, nami sikuandika. Yule wa kwanza alikuwa amekwisha kuhamishwa. Wa pili alikumbuka kiasi tofauti na nilichokikumbuka mimi. Nilijieleza kwa ufasaha wote nilionao. Mzee mmoja aliyefundisha hisabati alinisikiliza hadi mwisho, kisha akasema: "Mwalimu, hatukuulizi kama wewe ni mwizi. Tunakuuliza fedha iko wapi."

Fedha zile nilizilipa kwa miezi mitano kutoka katika mshahara wangu, na kwa muda wote huo nilimchukia yule mzee. Baadaye ndipo nilipotambua kwamba alikuwa amenifundisha jambo ambalo sikulipata katika kitabu chochote. Nilidhani kwamba usafi wa moyo wangu ni jibu tosha. Kumbe moyo ni wangu peke yangu, hakuna mwingine awezaye kuusoma, hali fedha zilikuwa za watu 23. Mtu anayeshika mali ya wengine hawezi kuwalipa kwa nia njema. Huwalipa kwa hesabu.

Tena mzaha wa yule aliyenitaja ulikuwa na falsafa ndani yake, kwamba ujuzi wa hesabu ndio mlango wa wizi. Nyakati za uchaguzi tunasikia falsafa ya kinyume: mchagueni huyu, ni mhasibu, fedha anazijua. Mawazo yote mawili yana kosa moja. Yanachanganya ujuzi na tabia. Ajuaye kuogelea aweza kumwokoa anayezama, na aweza pia kumzamisha mwenziwe akatoka salama. Ujuzi huongeza nguvu ya mtu, lakini haumwelekezi mahali pa kuitumia.

Kwa kuwa sisi ni walimu wa lugha, yafaa tuyatazame maneno yenyewe kabla ya kuwatazama watu. Neno "hesabu" tumelipata kutoka Kiarabu, nalo katika Kiswahili hubeba mizigo mitatu. Kwanza, ni somo la namba, kujumlisha na kutoa. Pili, ni maelezo ya fedha zilizopokewa na zilizotumika, ndipo tunaposema mtu ametoa hesabu. Tatu, katika lugha ya dini, Siku ya Hesabu ni siku ambayo kila nafsi itasimama na kuulizwa. Msemaji wa Kiswahili huyapata maana haya matatu katika neno moja, na sidhani kwamba ni bahati tu. Katika masikio yetu kujumlisha namba na kusimama mbele ya anayeuliza ni jambo moja lenye hatua mbili.

Angalia pia neno "uwajibikaji", ambalo siku hizi halikosekani katika hotuba yoyote. Limetoka katika "wajibu". Wanafunzi wangu wengi hudhani kwamba limetoka katika "jibu". Kwa asili wamekosea, maana katika Kiarabu mizizi ya maneno hayo mawili ni tofauti. Hata hivyo huwa sina moyo wa kuwakaripia, kwa kuwa kosa lao lina busara. Mwenye wajibu asiyekubali kujibu ana wajibu gani?

Sasa tumtazame mhasibu na kazi yake. Mwaka 1494 mtawa mmoja wa Italia, Luca Pacioli, alichapisha mjini Venice kitabu kikubwa cha hisabati, na ndani yake akaeleza namna wafanyabiashara wa mji ule walivyoandika hesabu zao. Hakuibuni yeye njia hiyo, bali aliieleza kwa utaratibu, na hadi leo ndiyo msingi wa kazi hiyo duniani kote. Siri yake ni kwamba kila jambo huandikwa mara mbili. Ukinunua gunia la kahawa, utaandika kwamba kahawa imeingia na kwamba fedha imetoka. Ukikopa, utaandika kwamba fedha imeingia na kwamba deni limezaliwa. Hakuna kitu kinachotokea upande mmoja tu. Mwisho wa yote pande mbili hulinganishwa, na zisipolingana mhasibu halali usingizi.

Naona kwamba ndani ya njia hii kuna fundisho kubwa la maadili, ingawa wanaoitumia wengi hawalitamki. Yatufundisha kwamba kila kipatikanacho kimetoka mahali, na kila atoaye zawadi ameichukua penginepo. Siasa, kwa upande wake, hupenda sana kuandika upande mmoja. Mwanasiasa huja kijijini akasema: nimewaletea barabara, nimewaletea zahanati, nimewaletea mabati. Upande wa pili wa daftari hausomwi. Fedha ilitoka katika mfuko upi? Nani alipewa kazi, na kwa bei gani? Kitu gani hakikufanyika ili hiki kifanyike? Deni litalipwa na nani, na lini? Kama mhasibu ana kitu cha pekee cha kuipa siasa, si wepesi wake wa kujumlisha. Ni mazoea yake ya kuuliza kuhusu upande wa pili. Na kama kuna mtihani unaompambanua mhasibu wa kweli na wa jina tu, ni huu: je, ataandika na upande wake yeye mwenyewe?

Nitoe mifano miwili ya watu waliojulikana hapa Uganda. Sikusudii kuwasifu wala kuwahukumu. Nataka tuone swali letu likitembea kwa miguu.

Wa kwanza ni marehemu John Ssebaana Kizito, aliyezaliwa mwaka 1934 na kufariki mwezi wa Julai mwaka 2017. Kwa elimu yeye alikuwa mchumi, si mhasibu, lakini alikuwa mmoja wa waanzilishi wa kampuni ya bima ya Statewide mwanzoni mwa miaka ya 1980, wakati ambapo nchi ilikuwa bado inajikusanya baada ya vita, na kuanzisha biashara kulihitaji moyo. Bima ni biashara ya ajabu kidogo. Muuza nguo hukupa nguo ukampa fedha, mkaachana. Muuza bima huchukua fedha yako leo akakupa ahadi tu, na pengine miaka kumi itapita kabla hujabisha hodi kumdai. Kwa hiyo mali yake kubwa ni amana. Watu wakiacha kumwamini, hata jengo lake la ghorofa halimfai kitu.

Mtu huyu, mwanachama wa miaka mingi wa chama cha Democratic Party, alikuwa Meya wa Kampala kuanzia mwaka 1999 hadi mwaka 2006, na mwaka 2006 akagombea urais kwa tiketi ya chama chake asipate hata kura mbili katika kila mia. Alivyoingia katika umeya panahitaji kuelezwa. Aliyemtangulia, Nasser Ntege Sebaggala, mfanyabiashara aliyependwa mno na watu wa sokoni, alikamatwa Marekani mwaka 1998 na kufungwa huko kwa makosa ya udanganyifu wa fedha, ndipo uchaguzi mdogo ulipofanywa. Lakini hadithi haikuishia hapo. Mwaka 2006, Ssebaana alipokuwa akigombea urais, watu wa Kampala walimrudisha Sebaggala yule yule katika kiti cha umeya.

Msomaji wa haraka atasema kwamba wapiga kura hawajali uaminifu. Mimi siafiki. Nawafahamu baadhi ya waliompigia kura, nao si watu wajinga. Wao walikuwa na daftari nyingine. Waliandika humo nani aliyekuja matangani, nani aliyezungumza nao kwa lugha yao bila kuwadharau, nani aliyewatetea askari wa jiji walipomwaga nyanya zao. Hesabu hiyo nayo ni hesabu. Kosa la wataalamu wengi wanaoingia katika siasa ni kudhani kwamba daftari yao ndiyo pekee iliyopo, na kwamba asiyeisoma ni mpumbavu. Lakini na daftari ya moyoni ina upungufu wake mkubwa, nao ndio ule ulioniponza mimi katika chama chetu cha akiba: haiwezi kusomwa na mwingine, na siku ya kugawana kila mtu hukumbuka kiasi chake.

Mfano wa pili ni mhasibu hasa. Nathan Nandala Mafabi alizaliwa mwaka 1966 upande wa Sironko, chini ya Mlima Elgon. Alisomea biashara katika Chuo Kikuu cha Makerere, akafuzu uhasibu, akafanya kazi katika Mamlaka ya Mapato, kisha mwaka 2001 akachaguliwa kuwa mbunge wa Budadiri Magharibi. Kuanzia mwaka 2006 hadi mwaka 2011 alikuwa mwenyekiti wa Kamati ya Bunge ya Hesabu za Serikali, ambayo kwa desturi huongozwa na upinzani. Hapo mhasibu na mwanasiasa walikuwa wamekaa katika kiti kimoja. Kamati yake ndiyo iliyochunguza fedha zilizotumika kwa mkutano wa wakuu wa nchi za Jumuiya ya Madola uliofanyika Kampala mwezi wa Novemba mwaka 2007. Watu walioketi mbele ya kamati ile waliulizwa risiti, mikataba na bei za magari, na nchi nzima ikajifunza kwamba swali dogo kama "hii ilinunuliwa kwa kiasi gani?" laweza kumtoa jasho mtu mkubwa.

Taarifa ilipofika mbele ya Bunge zima, wengi wa mawaziri waliotajwa humo waliondolewa lawama. Wako waliosema kwamba haki imetendeka, na wako waliosema kwamba wingi wa kura umeishinda hesabu. Sitaliamua shauri hilo hapa. Ninachotaka kukionyesha ni tofauti kati ya daftari na baraza. Katika daftari, pande mbili zisipolingana, hazilingani hata kama watu 200 watanyoosha mikono kusema zinalingana. Katika baraza, mikono ndiyo huamua. Mhasibu anayeingia Bungeni hutoka katika nyumba ya kwanza akaingia katika ya pili, naye hana budi kujua kwamba sheria za nyumba hizo si moja.

Lakini Mafabi mwenyewe hakubaki upande wa wanaouliza tu. Aliongoza pia Chama cha Ushirika cha Bugisu, kile cha Mbale kilichoanzishwa mwaka 1954 na wakulima wa kahawa. Mwaka 2011 wizara ya biashara iliusimamisha uongozi wake, na ugomvi huo ukafika mahakamani, yeye na wenzake wakidai kwamba wanaonewa kwa sababu za kisiasa. Kisha mwaka 2023 chama chake cha siasa, Forum for Democratic Change, ambacho yeye alikuwa katibu mkuu wake, kiligawanyika, na moja ya mambo yaliyogombaniwa lilikuwa asili ya fedha zilizotumika katika kampeni za mwaka 2021. Wapinzani wake walidai kwamba zilitoka mahali pasipofaa. Yeye alikana kosa lolote. Baadaye aliteuliwa na chama hicho kuwa mgombea wake wa urais katika uchaguzi wa Januari 2026.

Mimi sina daftari za ushirika ule wala za chama kile, na kumhukumu mtu bila daftari ni kutenda lile lile ninalolikemea. Lakini hata bila hukumu, mambo haya yatuonyesha umbo la swali letu. Mtu aliyewauliza wengine kwa miaka mitano "fedha ilitoka wapi, ikaenda wapi?" siku moja huulizwa yeye swali lile lile kwa maneno yale yale. Hilo si dhuluma. Ndilo deni alilolikopa siku ya kwanza alipokaa katika kiti cha kuuliza. Kila swali ampalo mwenziwe huandikwa pia katika upande wake.

Hapa najua nitapingwa kwa hoja mbili, nazo zote zastahili kusikilizwa.

Hoja ya kwanza yasema kwamba mhasibu asiingie katika siasa kabisa. Thamani yake, wanasema, iko katika kutokuwa na upande. Akivaa rangi ya chama, hata akisema kweli, watu watasikia chama. Hoja hii ina nguvu. Lakini tutazame yaliyotokea kwa majirani zetu wa Tanzania. Profesa Mussa Assad alikuwa Mdhibiti na Mkaguzi Mkuu wa Hesabu za Serikali, na hakuvaa rangi ya chama chochote. Mwezi wa Januari mwaka 2019 ilijulikana kwamba katika mahojiano ya redio alikuwa ameutaja kuwa ni "udhaifu wa Bunge" ule mtindo wa taarifa za ukaguzi kutofanyiwa kazi. Neno hilo moja lilizua vumbi. Aliitwa mbele ya kamati ya maadili, akaeleza kwamba "udhaifu" ni neno la kawaida katika kazi ya ukaguzi, kama daktari anavyosema "ugonjwa" pasipo kumtukana mgonjwa. Mwezi wa Aprili Bunge liliazimia kutofanya kazi naye. Mwezi wa Novemba mwaka huo huo nafasi yake akapewa mwingine, na mwezi wa Desemba mwaka 2022 Mahakama Kuu ikaamua kwamba kuondolewa kwake kulikwenda kinyume cha Katiba.

Walimu wenzangu, jambo hili lastahili kufundishwa madarasani, maana ni nadra kuona taifa zima likibishana juu ya maana ya nomino moja ya Kiswahili. Lakini kwa swali letu fundisho lake ni hili: mkaguzi anaweza kuikimbia siasa, lakini siasa haitamkimbia yeye. Anayeandika upande wa pili wa daftari ya umma amekwisha kuingia, apende asipende. Kwa hiyo tofauti iliyo muhimu si kati ya mhasibu aliye ndani ya siasa na aliye nje. Ni kati ya yule anayekubali kuwa chini ya hesabu na yule anayejiweka juu yake.

Hoja ya pili yasema kwamba mhasibu huona shilingi asiione damu. Mtu aliyezoea kuandika kila kitu kwa fedha, wanasema, ataishia kudhani kwamba kisicho na bei hakipo. Hoja hii nayo yanigusa. Tarehe 10 Agosti 2024 jaa kubwa la Kiteezi, nje kidogo ya Kampala, ambako taka za jiji zilikuwa zikimwagwa kwa karibu miaka thelathini, liliporomoka baada ya mvua na kuzifunika nyumba za watu. Zaidi ya watu 30 walikufa. Ilikuwa imekwisha kusemwa, tena kwa miaka, kwamba jaa lile limejaa. Mwezi uliofuata wakuu wa mamlaka ya jiji waliachishwa kazi. Je, hasara ile iliandikwa katika daftari ipi kabla ya siku hiyo? Kila mwaka ambao jaa jipya halikujengwa, kwenye karatasi palionekana fedha ambayo haikutumika. Upande wa pili, deni lilikuwa likikua kimya kimya, na wenye kuja kulilipa walikuwa wamelala vitandani mwao.

Sidhani kwamba mfano huu wamkataa mhasibu. Naona kwamba wamtaka awe mhasibu zaidi. Asiyeandika deni kwa sababu halina risiti ameandika upande mmoja. Ukarani na uhasibu hutengana hapo: karani huandika alicholetewa, bali mhasibu mwenye dhamiri huuliza ni nini ambacho hakikuletwa. Naye akiwa mwanasiasa ana nafasi ambayo karani hana, kwa kuwa aweza kusimama mbele ya watu na kusema, hatujalipa bado, na tusipolipa kwa fedha tutalipa kwa kitu kingine.

Basi tumdai nini mtu wa namna hii anapotuomba kura? Kwa maoni yangu, mambo matatu.

Jambo la kwanza, aanze na daftari yake. Sheria ya Maadili ya Viongozi ya mwaka 2002 huwataka viongozi wa Uganda watangaze mali zao kwa Mkaguzi Mkuu wa Serikali. Kutimiza sheria hiyo ni kiwango cha chini kwa kila kiongozi. Kwa mhasibu isiwe mwisho. Aliyejipatia jina kwa kufungua daftari za wengine hana udhuru wa kuifunga yake, hata kama sheria yaruhusu. Na aliyeanzisha kampuni atuambie kampuni hiyo imebaki mikononi mwa nani, na inauza nini kwa serikali anayotaka kuitumikia.

Jambo la pili, akubali kwamba hesabu haifungwi siku anapoondoka ofisini. Katiba yetu ya mwaka 1995 ina kifungu kizuri ambacho watu wengi hawakijui. Ibara ya 163 yaweka ofisi ya Mkaguzi Mkuu wa Hesabu, na yalitaka Bunge lijadili taarifa yake na kuchukua hatua katika miezi 6 tangu iwasilishwe. Ibara ya 164 yaenda mbali zaidi. Yasema kwamba mwenye cheo cha kisiasa au cha utumishi aliyeagiza au kuridhia fedha za umma zitumiwe kinyume cha maagizo yaliyowekwa atawajibika kwa hasara iliyotokea, na atatakiwa kuilipa hata kama amekwisha kuacha cheo hicho. Nilipokisoma kifungu hiki kwa mara ya kwanza nilikumbuka ile miezi mitano ya mshahara wangu. Nilikuwa nimehukumiwa kwa Katiba pasipo kujua.

Jambo la tatu ndilo letu hasa, sisi walimu wa Kiswahili. Mhasibu mwanasiasa atoe hesabu kwa lugha ambayo mwenye mali anaielewa. Taarifa za ukaguzi nchini mwetu huandikwa kwa Kiingereza, tena Kiingereza cha wataalamu. Mama anayeuza ndizi Nakawa, ambaye hulipa ushuru wa soko kila siku, hawezi kuisoma habari ya fedha yake. Kwake yeye mali ina daftari, lakini bado imepotea bila habari. Tangu marekebisho ya Katiba ya mwaka 2005 Kiswahili ni lugha rasmi ya pili ya Uganda. Kwa muda mrefu watu wetu walikisikia kama lugha ya askari anayetoa amri kizuizini, na hofu hiyo haijaisha yote. Sijui njia bora ya kuiondoa kuliko kukifanya kiwe lugha ambayo mkubwa humjibu mdogo. Siku ambayo mwananchi ataambiwa kwa Kiswahili sanifu na chepesi, au kwa Kiganda, Kiacholi au Kigisu, kwamba kiasi hiki kilipokewa, kiasi hiki kilitumika, na kiasi hiki hakijulikani kilipo, hapo neno "uwajibikaji" litakuwa limezaliwa kweli, hata kama asili yake si "jibu".

Yule mzee wa hisabati amekwisha kufariki. Kabla hajastaafu tulimchagua yeye kuwa mweka hazina wa chama chetu. Siku alipokabidhiwa kazi alifanya jambo ambalo hatukulitarajia. Alinunua daftari mbili kwa fedha zake, moja akaishika mwenyewe, ya pili akanipa mimi, mwalimu asiyejua hesabu, akasema: "Kila nitakachoandika nitakusomea, nawe utaandika kwa maneno. Siku nitakaposhindwa kukueleza ukaelewa, waite wenzetu." Nilifanya kazi hiyo kwa miaka minne. Hakuna siku hata moja ambayo ilinibidi niwaite, na hakuna siku hata moja ambayo alikasirika nilipomuuliza mara ya pili.